Ukungu kwenye Maua ya Isidore

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na saba mimi ni Madame Isidore! Mama mkwe hajanitoa nje bado. Bibi arusi hashiki jembe mpaka mwezi uishe. Basi namtazama mume wangu dirishani, kwenye sere yake, kile kibanda cha plastiki cha kukuzia maua, ameinamia vitunguu vya yungiyungi. Mgongo ule — Mungu wangu! Maua mia tatu ya Pasaka, ya parokia moja ya Goma. Yakitoka vizuri, tutajenga kwetu. Sisi wawili tu!

Alhamisi, 6 Machi
Baridi ya Kirolirwe haina huruma. Nikayawaza maua yake, yako uchi! Jana jioni Isidore alipokwenda kwaya niliponyoka, nikashusha plastiki za pembeni na kuzifunga kwa kamba. Alfajiri nikazipandisha kabla hajaamka. Nitafanya hivi kila siku. Zawadi yangu ya siri!

Jumapili, 16 Machi
Madoa kwenye majani. Juu yake unga wa kijivu, kama majivu. Isidore aling'oa kitunguu kimoja: laini, kinanuka. Hakula. Hata mkono wangu hakuushika.

Jumanne, 18 Machi
Mama Valérie, agronomu, bingwa wa kilimo, amekuja kutoka Sake. Nilisikia yote nyuma ya pazia.
"Hii sere munaifungaka usiku?"
"Hapana! Ata siku moja," Isidore akajibu.
"Nauliza juu unyevu ukifungiwa, ukungu unakula yote. Ao basi vitunguu vilikuja na ugonjwa."
Mimi. Ni mimi!
Isidore akasema: "Njo yeye, Damascène! Kaka yangu mwenyewe aliniuzia uozo!"
Tumechoma mia mbili. Mara tatu nilianza kumwambia. Mara tatu nikaishia kumpa kiberiti.

Jumatano, 19 Machi
Sikufunga tena, lakini yaliyobaki nayo yanaoza. Hakuna Pasaka. Hakuna nyumba. Na Damascène yuko sebuleni sasa hivi.
"Nilikupa vizima, mudogo wangu."
"Apa mbele ya mama! Ao sina kaka tena."
"Nitaapa. Lakini nikiisha kuapa, mimi na wewe tumemalizana."
Mama mkwe analia.
Isidore ananiita: "Constance, chérie, leta Biblia!"
Chérie, mpenzi — mbele ya watu, mara ya kwanza! Biblia iko hapa, chini ya daftari hili. Naandika juu yake.
Anaita tena. Nasikia kiti, anakuja mwenyewe —