Nafasi ya Mke Wangu Nimempa Mwingine

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, maana nimefika mahali ambapo kila ninachoshika kinaharibika, na nikikiacha kinaharibika zaidi. Mimi ni mume wa mtu, baba wa binti mmoja ambaye ameshaolewa, na kazi yangu ni kusoma tamthilia fupi. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani nimekaa tu napata mshahara kwa kusoma hadithi, lakini ndiyo kazi yenyewe: kwenye kituo chetu cha sanaa waandishi wa siku hizi, wengi wao vijana, hutuletea michezo mifupi na maigizo ya mtu mmoja, nami huyasoma yote, kisha shule ikitaka kitu kinachowafaa wanafunzi, au kikundi kikitaka mchezo usiohitaji mapambo mengi ya jukwaa, au mwigizaji akitafuta maneno ya kwenda nayo kwenye usaili, hunijia na kuniuliza, "Mzee, unanipendekezea nini?" Namwangalia mtu, namsikiliza anavyozungumza, namwambia chukua hiki, kile achana nacho. Kazini sikosei sana. Nimekosea nyumbani kwangu.

Mke wangu ni mwigizaji. Wenzake wanamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, maana hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango wa choo alikuwa anamsikia akinong'ona. Kuna mwandishi mmoja kijana, mpole, wa kujitafuna kucha, alimwandikia igizo la mtu mmoja, akaliandika kwa ajili yake hasa. Ni mama anayepiga pasi shati la harusi la mwanawe, na mwanawe amejifungia chumbani hataki kutoka, basi mama anazungumza naye kupitia mlangoni huku pasi inaenda, anambembeleza, anamtania, anamtisha, anamsimulia alivyokuwa mtoto wa kuogopa kunyolewa, mpaka unacheka, halafu hujui umeacha kucheka saa ngapi. Alilifanyia mazoezi sebuleni kwetu kwa pasi ya kweli na mashati yangu ya kweli, na nakuambia mshauri, mashati yangu hayajawahi kunyooka vile tangu nianze kuvaa mashati.

Onyesho likiwa limekaribia akapata kiharusi. Alikuwa bafuni, nikasikia ndoo imeanguka, nikauliza kwa utani kama kuna mafuriko, hakujibu. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Daktari alinieleza kwamba akili yake iko palepale, anaelewa kila tunachosema, kukubali au kukataa kwa kichwa anaweza, ila njia ya maneno kutokea ndiyo imeharibika, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, limebaki moja tu linalokubali kutoka, nalo ni "kikombe". Akitaka maji, kikombe. Akitaka dirisha lifungwe, kikombe. Akiniita mimi mumewe, kikombe, na ukisikiliza vizuri utasikia hasira au huruma humo ndani, lakini neno ni hilohilo.

Sasa mimi nikafanya nini? Nikafanya ninachojua. Nikaanza kumtafutia michezo. Nilimpelekea mmoja wa watu wawili, mama na bintiye wanamsubiri fundi wa friji, na mama tangu mwanzo hadi mwisho hasemi neno, nikamwambia, "Mke wangu, hii inakufaa." Nikampelekea igizo lingine ambalo sauti ya mhusika inatoka kwenye redio na mwigizaji anakaa tu kitini anaisikiliza. Nikampelekea la mwanamke mwandishi wa hukohuko kwetu kazini, kurasa chache, lote la kuigizwa kwa ishara za mikono. Aliyasukuma yote kwa mkono wa kushoto, akaniangalia kama mtu aliyeletewa kiatu cha mguu mmoja. Nami sikuelewa, nikaendelea kuleta. Mazoezi ya usemi kliniki akaenda mara chache, akagoma, na mimi sikumlazimisha, nilikuwa na aibu kumsikia mwanamke wa sauti ile akifundishwa kusema "ba, be, bi".

Halafu mwongozaji wa kikundi chao, mama mmoja mwenye haraka zake, akaja ofisini kwangu. Wanaandaa jioni ya maigizo mafupi ya waandishi wa sasa, na lile la shati la harusi wanalitaka, na mwandishi naye analitaka maana hajawahi kuona kazi yake jukwaani, akaniuliza, "Nani mwingine anaweza?" Mshauri, nilijibu bila kufikiri, kama ninavyomjibu kila mtu. Nilimtaja binti mmoja ambaye mke wangu ndiye aliyemfundisha uigizaji. Nilisema, "Yule ataliweza." Na kweli angeliweza, hapo sikukosea.

Sikumwambia mke wangu. Nilisema nitamwambia kesho, na ile kesho haikufika, mpaka yule binti mwenyewe, kwa adabu yake, akaja nyumbani alasiri moja kumwomba mwalimu wake baraka. Mke wangu alimpokea vizuri, akamwonyesha kwa kidole asimame pale dirishani aigize. Binti akaanza, na akaigiza vizuri sana, mshauri, nikamwona mke wangu mkono wake wa kushoto unakwenda juu ya shuka, mbele na nyuma, anapiga pasi. Nilifurahi. Mimi mjinga nilifurahi.

Katikati binti akasahau maneno. Akasimama, akatazama juu, kimya. Na mke wangu akajiinua kwenye mto, macho yamemtoka, akafungua mdomo ampe maneno, maana anayo yote, yamo kichwani mwake mpaka leo, akasema, "Kikombe." Akajaribu tena. "Kikombe. Kikombe!" Binti wa watu akadhani ana kiu, akakimbilia mezani, akachukua kikombe, akakijaza maji akamletea, "Hiki hapa, mwalimu."

Mimi nilijua anataka kusema nini. Nilijua, maana nimelisikia igizo lile mpaka na mimi nimelishika. Na badala ya kunyamaza, nikamwambia binti yale maneno aliyoyasahau. Nikayasema mimi.

Mke wangu alikipiga kile kikombe kikaenda kuvunjikia ukutani. Kisha akageukia ukuta, na tangu siku hiyo hanitazami. Akihudumiwa na binti yetu anakula, nikiingia mimi anafumba macho. Binti yetu naye, ambaye ameacha nyumba yake kuja kutusaidia, aliniambia tukiwa jikoni, akiosha vyombo hata hageuki: "Baba, mama hajafa. Mbona unagawa vitu vyake?"

Kazini nafungua mchezo, nasoma ukurasa wa kwanza, naona maneno tu, watu wanaongea na wenzao na wanajibiwa, nafunga. Onyesho ni mwisho wa mwezi. Mwongozaji anasema tangazo limeshatoka. Mwandishi ananipigia simu nami sipokei. Je, niwaambie waliondoe igizo hilo, nimvunje moyo kijana wa watu na yule binti? Au niache liendelee, na nimpeleke mke wangu akae mbele alitazame, pengine litamfariji? Au kuna mchezo wowote duniani unaoweza kunipendekezea wewe, mshauri, wa mtu kama mimi kumsomea mtu kama yeye, ili anitazame tena? Nimechoka. Sioni mbele.

Mume wa Kengele

*

Mume wa Kengele,

Pole. Naanza na hiyo pole kwa sababu nitakayosema hayana pole ndani yake.

Umeniuliza maswali matatu. Kabla yangu mwongozaji alikuuliza, ukamjibu. Binti yenu ulimsikiliza. Mwandishi unajua anataka nini, mwigizaji unajua anataka nini, na mimi mtu usiyenijua umeniandikia barua ndefu kunitaka maoni. Nimeisoma kwa makini nikitafuta mahali ambapo ulimwuliza mkeo. Sijapaona. Mwenyewe umesema anaelewa kila kitu na kichwa chake kinakubali na kukataa. Sasa nani kati yenu wawili ndiye asiyeweza kuzungumza?

Usinielewe vibaya, sisemi humpendi. Mtu asiyempenda mkewe hakai akatazama mkono unavyokwenda juu ya shuka. Lakini umempenda kama unavyofanya kazi. Kila mtu akija kwako una cha kumpa, na aliyekuja bila sauti ukampa michezo ya watu wasiosema. Ulimpendekezea kimya, bwana! Mwanamke aliyeishi kwa sauti yake, bado anaililia, wewe unamletea nafasi ya mama asiyefungua mdomo na kumwambia inamfaa. Hata mimi ningeisukuma michezo hiyo.

Tena umelielewa vibaya lile la kikombe kuvunjika. Hakukasirika kwa sababu binti aliigiza nafasi yake. Kama angekasirikia hilo, asingemwonyesha pa kusimama. Alikaa akamsikiliza, mkono ukafuata, na mwanafunzi aliposahau, mwalimu akajiinua kumsaidia. Alikuwa kazini! Mara ya kwanza tangu aanguke bafuni alikuwa kazini kwake, na kazi ikamshinda mbele ya mwanafunzi wake, na mumewe akaimaliza kwa niaba yake kwa ulimi wake mzima. Ungemwacha apambane. Binti angesubiri. Hakuna mtu angekufa kwa kimya kile.

Sasa sikiliza la kufanya, na ulifanye leo hii ukimaliza kusoma.

Ingia chumbani mikono mitupu. Sitaki kusikia umebeba mchezo, wala usiniombe nikutajie mmoja, maana ninao wa kukutajia na sikutajii. Kaa mahali anapoweza kukuona akitaka. Mwambie ulichofanya kwa sentensi fupi: kwamba ulimtaja mtu mwingine bila kumwuliza, kwamba ulimaliza maneno yake, na kwamba ulikosea. Usieleze sababu. Wewe ni mtu wa maneno mengi, na yeye hawezi kukukatiza, basi jikatize mwenyewe.

Kisha mwulize swali moja moja, la kujibika kwa kichwa. Anataka igizo lile lionyeshwe? Akikataa, simu ya kwanza ni kwa mwongozaji, na ya pili ni kwa yule mwandishi unayemkwepa. Tangazo hubandikwa jingine. Wewe ndiye mwenye kabati la maigizo, utashindwaje kupata la kujaza pengo la jioni moja? Kijana ataumia, lakini ana umri wa kuandika mengine. Akikubali, usishangilie. Mwulize tena: aigize yule binti? Na kama anakubali, anataka binti aje kufanya mazoezi hapo kitandani pake, mbele yake? Akitaka, wewe siku hizo utafute shughuli sokoni. Watapatana wenyewe, kwa mkono, kwa jicho, kwa neno hilo moja. Akianza kutafuta neno, hata kama asubuhi nzima itakwisha, mtu yeyote asimtafutie.

Kuhusu kumkalisha mbele siku ya onyesho ili afarijike: hilo liondoe kichwani kabisa, mpaka aseme yeye kwamba anataka kwenda. Ukumbi mzima utageuka kumtazama yeye badala ya jukwaa, watu watajifuta machozi, na yeye atalazimika kukaa pale akiwa yeye ndiye onyesho. Umefikiria hilo?

Mwandishi mpigie hata kabla hujapata jibu. Mwambie mgonjwa hajaulizwa, na kosa ni lako. Kama ni mpole kama unavyosema, atasubiri.

Binti yako naye mrudishe kwake apumzike siku chache. Kumlisha mkeo ni kazi yako. Atafumba macho, ndiyo. Mlishe akiwa amefumba.

La mwisho ni gumu, na ningekuwa mwongo kama ningeliruka. Nilimwuliza mtaalamu mmoja wa usemi kabla ya kukujibu. Wapo wanaorudishiwa maneno mengi, wapo wanaorudishiwa machache, na wapo wanaobaki na moja. Hakuna anayeweza kukuambia wako ni yupi, ila anayegoma mazoezi mapema hupoteza zaidi. Huenda mkeo hatapanda jukwaani tena. Analijua hilo, nawe unalijua, na kwenye nyumba yenu hakuna aliyelisema. Liseme wewe, kwa kuwa wewe unaweza. Mwambie, "Huenda hutaigiza tena, na mimi nimeshindwa kulivumilia hilo." Naamini mtalia. Lieni, maana mpaka sasa kila mmoja analia kivyake.

Halafu kesho asubuhi mvalishe viatu, umpeleke kliniki, ukae kwenye benchi humohumo chumbani, na atakapofundishwa kusema "ba", usitazame chini.