Maziwa kwa Nyoka wa Mtabila

Baba Anitha,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Maziwa nimeyachukua yote. Kesho ukitoka shifti pitia dukani ununue mengine. ~~Usinisubiri kula.~~ Nisubiri, tule wote.

Nimeenda na Mama Bikash kwenye hekalu lao la Wanepali. Asubuhi alikuja analia. Kuhani amesoma nyota za Bikash, akakuta ana laana ya nyoka: kuna mtu wa ukoo wao aliua nyoka zamani. Ndoa yake na Anitha wetu haitapata mtoto mpaka sanamu ya nyoka imwagiwe maziwa na kuombwa msamaha.

Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa. Ila nikakumbuka tulipokuwa wakimbizi kambini Mtabila, kabla ya kuletwa huku, ulivyomuua swila kwa jembe mlangoni, Anitha akimtambalia, nawe ukacheka huku unatetemeka. Ulikuwa mwembamba kama fito! Nikamsimulia, nikiogopa ataikataa ndoa. Akanikumbatia.

"Mumeo alimwokoa mkwe wangu. Huyo nyoka nitamwomba msamaha mimi."

Nimeshindwa kumwacha aende peke yake. Usininunie.

Mama Anitha