Kadi ya Leonsia

Jumatatu, 1 Juni 1998

Siku ya nne sasa. Nilidhani ni vipele vya joto. Sivyo. Ni malengelenge madogo madogo, yamepasuka, yamekuwa vidonda, na yako mahali ambapo hata humu daftarini naona haya kupataja. Homa. Mitoki imevimba. Haja ndogo inachoma kama pilipili, naibana mpaka nashindwa. Mimi, Adelfina, ninayefundisha wachumba mafundisho ya ndoa kigangoni! Jumamosi tu nilikuwa mbele yao na Biblia mkononi.

Zahanati ya hapa Mugoma siendi. Nesi ni Felisita, tuko jumuiya moja, tunaimba kwaya moja. Si kwamba ana mdomo. Ila atajua, na kila Jumapili nitamwona akijua.

Fideli yuko safarini na lori la mahindi ya wakimbizi, Biharamulo na kurudi. Mara ya mwisho alilala hapa tarehe ishirini. Sitaki kuhesabu siku. Nahesabu.

Jumatano, 3 Juni

Kuvuna maharage na Leonsia. Huyu ni Mrundi wa kambi ya Lukole, mwaka wa pili sasa anakuja kunisaidia shamba, nami nampa ndizi na maharage ya wanawe. Akaniona ninavyotembea. Akauliza: Mama Modestus, umeumia nyonga? Nikasema ndiyo. Akaendelea kung'oa. Baadaye, bila kunitazama, akasema dada yake aliwahi kutembea hivyo hivyo.

Basi nikalia, palepale katikati ya maharage.

Anasema kambini kuna daktari wa magonjwa hayo, hacheki mtu. Ila lazima uonyeshe kadi ya posho, ile ya mgao wa chakula cha wakimbizi. Ataniazima yake. Tunalingana umri, na Kirundi chao na Kihangaza chetu ni ndugu, nani atagundua? Nimekubali. Sikufikiri hata kidogo.

Ijumaa, 5 Juni

Nimekwenda kwa miguu, baiskeli haikaliki. Benchi refu, wanawake kumi na tano, kila mmoja anatazama vidole vyake. Wakaita Leonsia. Nikakaa tu, mpaka aliyekaa jirani akaona kadi mkononi mwangu, akanigusa bega.

Daktari ni mtu mzima, ndevu zina mvi. Shikamoo. Marahaba. Akanitazama mara moja, akaniambia nivae. Haya yanaitwa malengelenge ya sehemu za siri, ni virusi. Dawa ya kuyamaliza kabisa hakuna. Hospitali kubwa kuna vidonge vya kuyapunguza makali, yeye hana. Vidonda vitakauka vyenyewe, wiki mbili au tatu, lakini ugonjwa unabaki mwilini na unaweza kurudi. Nioshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikaushe vizuri, nisivae ya kubana, ninywe Panadol. Nikishika vidonda ninawe mikono, nisiguse macho. Mume nisimkaribie mpaka ngozi ipone kabisa, na siku nyingine nikisikia tu muwasho wa kuanza, vilevile nikae mbali. Kondomu inasaidia, si kwa yote. Nikipata mimba nimwambie mkunga mapema, mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa. Akanitoa damu ya kupima kaswende.

Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema mtu anaweza kukaa nayo miaka asijue. Nikamkumbuka yule mwanamume wa Biharamulo, niliyekuwa naye kabla ya Fideli. Niliyekuja na hasira kwa mume wangu nikajikuta sina uhakika hata wa hasira yangu.

Mwisho akauliza jina la mume, naye aje apimwe. Kadi ilikuwa mezani. Nikasoma la mume wa Leonsia: Bigirimana. Akaandika cheti cha kumwita, akanipa. Nimekichoma jikoni. Nikaona yameisha.

Jumatano, 10 Juni

Vidonda vinakauka. Fideli amekuja. Nimemwambia niko kwenye siku zangu. Akaguna, akala, akalala. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 15 Juni

Leonsia hajaja, leo na juzi. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 17 Juni

Amekuja Ndayisaba, mama anayekaa jirani na Leonsia kambini. Amekataa kukaa. Kumbe vyeti vile vinaandikwa na daftarini! Mume asipotokea baada ya wiki, watu wa afya wanamfuata nyumbani. Wamemfuata Bigirimana. Wakamwambia: mkeo alikuja tarehe tano, ana ugonjwa wa zinaa, njoo nawe upimwe. Amemtupia Leonsia vitu nje mbele ya watu. Watoto kabaki nao yeye mume.

Na Leonsia hajanitaja, ila kwa Ndayisaba tu, kwa siri. Kaapa tu kwamba si yeye. Akisema aliazimisha kadi watamfuta kwenye posho. Hakunituma, anasema Ndayisaba. Nimekuja mwenyewe, nilitaka kukuona sura.

Kaniona. Akageuka, akaondoka.

Mwenzangu hana nchi, hana shamba, alikuwa na mume na wanawe. Nimemvunjia hata hicho ili Felisita asinijue.

Ijumaa, 19 Juni

Nimemwambia Fideli yote. Vidonda, kadi, Leonsia. Nilitegemea kofi. Akaendelea kumenya ndizi, akasema: hayo? Hayo yanapona yenyewe. Yangu huwa yanachukua wiki.

Yangu. Huwa.

Nikamuuliza tangu lini. Tangu mwaka juzi, Biharamulo. Alipaka GV, ile dawa ya zambarau, yakaisha, yakarudi, hakuona sababu ya kunisumbua. Kunisumbua!

Nimemchukia. Halafu nikajiona mimi: yeye kanyamaza nikaugua, mimi nimenyamaza Leonsia akafukuzwa.

Jumamosi, 20 Juni

Nimekwenda kambini. Bigirimana alikaa na wazee wawili wa kwao. Nimesema mbele yao: kadi nilitumia mimi, ugonjwa ni wangu. Wazee wakatazama chini. Bigirimana akasema mwanamke yeyote aweza kuhongwa maharage aje kusema hivyo. Kama ni kweli, mume wako aje Jumatatu, tukae wote wanne kwa daktari. Bila mume wako, Leonsia asirudi hapa.

Habari ya posho, mzee mmoja anasema watajaribu kumwombea asifutwe. Hakuahidi.

Leonsia alisimama pembeni, mikono mitupu. Aliniamkia kama kawaida. Hilo limeniumiza kuliko matusi.

Jumapili, 21 Juni

Fideli hataki. Dereva anayejulikana kambi nzima akapange foleni ya ugonjwa wa zinaa? Nikienda, anasema, nisirudi kwake. Misa nimesali, sikupokea komunyo. Nimemwomba katekista amtafute mwingine wa kufundisha wachumba. Kauliza sababu, nikasema naumwa. Felisita alikuwa karibu. Nikamwambia, kesho kutwa nitakuja zahanati kwako. Akasema karibu.

Jumatatu, 22 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimevaa, nimefunga mihogo ya Leonsia. Nakwenda, liwalo na liwe.

Fideli amekaa mlangoni na viatu. Lori linamngoja barabarani, utingo wake kapiga honi mara mbili. Ameniuliza yule daktari ni mtu wa wapi. Nimesema wa Kibondo. Ananifahamu? akauliza. Sijui, nikamjibu, nenda ukamuulize.

Amelitazama lori, akanitazama mimi. Kafunga kiatu kimoja.