Kitabu Kilichofumuliwa Mara Mbili

Rangun, 3 Juni 1986

Mama mpendwa,

Napiga magoti mbele yako kutoka mbali. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila mvua ya huku haina adabu.

Nakutumia riwaya ya kuweka dukani kwako. Ni kongwe, tena ngumu: inaanzia mwishoni, inarudi nyuma, inaruka mbele. Ni habari za mama aliyefiwa na mwanawe mtoni. Mwalimu wangu wa fasihi alicheka: "Mwenye duka la kuazimisha hadithi za mapenzi? Kurasa hizo atafungia vitunguu!"

Isome, mama. Tangu kaka Soe Thant afe maji, miaka minne sasa, hutaki tulitaje hata jina lake. Labda kitabu kitatusemea.

Binti yako,
Cho Zin

Pakokku, 29 Juni 1986

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Mguu unauma, lakini ulimi mzima, kwa hiyo mwambie huyo mwalimu wako kwamba vitunguu mimi nafungia magazeti.

Kitabu nimekipata. Loo! Mtu kafa, mara anakula wali, mara hajazaliwa! Nikasema mpiga chapa alikuwa amelewa. Namba za kurasa zinafuatana, sawa, lakini hata mlevi anajua kuhesabu. Unajua kila kitabu kipya nakifumua na kukishona upya kwa uzi mnene, ili kihimili mikono ya wateja. Basi nilipokifumua hiki nikazipanga na sura, tangu kuzaliwa hadi kufa. Palipogongana, nikatia mkasi. Sasa kimenyooka.

Wateja watano wamekiazima. Wote wamekirudisha wakilia, hawataki kukiona tena. Mimi mwenyewe sijakimaliza. Nikifika mtoni, nakifunga. Na habari za kaka yako usiniulize.

Mama yako

Rangun, 11 Julai 1986

Mama,

Napiga magoti, ingawa leo nina hasira. Umefanya nini? Mpangilio ule ndio kitabu chenyewe! Mwandishi aliupanga kwa makusudi, na wewe ukauchana! Niliropoka darasani, na mwalimu akawachekesha wote kwa mkasi wako. Niliona aibu, mama, nikanyamaza. Tafadhali kirudishe kilivyokuwa.

Cho Zin

Rangun, 20 Septemba 1986

Mama mpendwa,

U hali gani? Miezi miwili bila barua. Umeninunia? Nilikuandikia vibaya. Na kunyamaza wakati unachekwa, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Usipotaka kukigusa kitabu, kiache. Niandikie tu.

Binti yako,
Cho Zin

Pakokku, 4 Oktoba 1986

Mwanangu,

Sijambo, na mguu umenyamaza. Sikununa. Nilikuwa nasoma.

Nilikimaliza kwanza kwa mpangilio wangu. Mwana anakufa maji, karatasi inakwisha, basi. Nilifunga duka siku tatu nikalia. Siku ya nne nikakasirika. Nani kaupa mto haki ya neno la mwisho? Nikatazama uzi, nikaona ni mimi, kwa sindano yangu mwenyewe. Na si kitabuni tu.

Nikakifumua tena, nikagundisha vipande nilivyokata, nikafuata namba. Kwa mpangilio wa mwandishi, mwana anakufa sura ya kwanza. Ukurasa wa mwisho anaingia jikoni, kalowa mvua, anauliza kuna nini cha kula.

Mwalimu wako na aje. Nimemwekea kigoda hapa dukani. Tutaona nani kakielewa kitabu na nani kakikariri.

Wewe njoo sikukuu ya taa. Tutamtaja Soe Thant mpaka majirani wachoke. Nitaanza na siku ile ya mtoni, nimalizane nayo. Halafu tutarudi nyuma: alivyokuwa akituibia bajia kwenye bakuli zetu za mohinga, ile supu ya tambi na samaki, alivyopiga mluzi hata watawa wakipita. Mwisho tutamwacha mlangoni, ana njaa.

Bajia nimeshanunua, za watu watatu.

Mama yenu,
wewe na Soe Thant