Bi Hadia Bado Amesimama

Quartier Asiatique, Bujumbura
16 Novemba 2025

Mpendwa baba mdogo Faridi,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, magoti yametulia na joto la Maskati limepungua. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo kwa hizi mvua, lakini ulimi wake mzima, na anakulaumu kwa kutopiga simu. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu huufungui. Majid atakupa mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone unaisoma.

Duka la babu tumelipaka rangi ya kijani. Hukuulizwa, na najua utanuna.

Sasa nije kwenye Lumeya, mji wetu wa kubuni. Ulitoka kwenye kundi letu la uandishi, lakini hadithi haijasimama. Sylvère anaandika kila Jumapili, nasi wasomaji tunamletea mitaa, harusi, ugomvi, hata majina ya mbuzi. Joëlla wa Carama, aliyeanza kama msomaji tu, sasa ana mtaa wake mzima na anaandika kutushinda sote. Sheria ni ile uliyoiweka wewe: kila mhusika ana mlezi wake, na hakuna anayemgusa mhusika wa mwenzake bila ruhusa.

Ndiyo maana Bi Hadia wako bado yuko mlangoni mwa duka lake, funguo mkononi, pale ulipomwacha wakati mama mdogo Siti alipofariki. Hatujamsogeza. Anayepita humsalimia, humpa habari za mji, kisha huenda zake. Duka limefungwa, basi watu wa Lumeya wananunua sukari mtaa wa pili.

Mvua zilipoanza kunyesha huko Lumeya pia, tuligombana. Joëlla alisema, "Mi siwezi andika mvua na mutu anasimama tu inje. Tumufanyie hata ka-toiture ka mabati." Sylvère akakataa: "Apana. Mwenyewe hajasema, hatumugusi." Wakanuniana karibu wiki nzima. Mwishowe tukakubaliana kwamba nyumba si mtu, tukaliongezea duka kibaraza, mabati yakamfunika pale pale aliposimama. Sijui kama kuna watu wengine wanaoweza kukosana hivyo kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo.

Juzi msomaji mgeni akauliza kama Bi Hadia ni sanamu ya mji. Wenzangu walicheka. Mimi nililia, baba mdogo, kwa sababu najua ile sauti uliyompa ni ya nani. Wao hawajui, wala sijawaambia. Ile "njoo ule kwanza, maneno baadaye" niliisikia jikoni kwa mama mdogo tangu sijaota meno.

Lakini sheria yako ina mkia. Mlezi akinyamaza mwaka mzima, mhusika wake hupewa mwingine. Mwaka unatimia Januari, na Joëlla ameshaomba. Ni binti mwema na atamtunza. Ila hakumjua mama mdogo, kwa hiyo Bi Hadia atakapofungua kinywa ataongea kama Joëlla, nasi tutakuwa tumempoteza Siti mara ya pili. Hilo siliwezi.

Sikuombi umfungulie duka. Nadhani unaogopa kwamba ukimsogeza utakuwa umemruhusu aende, na sikulaumu. Joëlla ameshaandika kiti na kukiweka kibarazani karibu naye. Kukaa nako ni kusogea, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuendelea. Mpe Majid sentensi moja tu, hata kwa ule mwandiko wako wa kuku: akae, au asikae?

Msalimie sana Moosa na watoto. Mama, Uthmani na shangazi Lubna wanakusalimu, na Joëlla pia, ingawa hamjawahi kuonana uso kwa uso. Mwenyezi Mungu amrehemu mama mdogo, akupe wewe usingizi mwema na moyo mwepesi.

Amesimama sana, baba mdogo. Na wewe pia.

Akupendaye kama baba aliyemzaa,
Nura