Bakuli la Samaki Wawili

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Marahaba yako najiitikia mwenyewe siku hizi.

Dada, mdomo wangu umenitia matatani. Usicheke.

Mwanao Zuhura kaposwa. Kijana ni fundi umeme wa Mapinga, ana adabu, anasali, hana makelele. Siku walipoleta posa nilikaa mbele mimi, mjomba mtu, na ile kanzu uliyonishonea. Wakawa wanatazama vyombo vyako vya kaure kwenye vidaka vya ukutani, sahani za Kichina buluu na nyeupe, hazina hata vumbi. Mimi tena! Nikawaambia lile bakuli kubwa la samaki wawili nilinyang'anyana na pweza chini ya bahari, yeye mikono minane, mimi miwili. Nikasema Mchina mmoja, mtu mzima, alipoliona alivua kofia akalia. Hapo ningenyamaza. Nikaongeza: "Bakuli hili likitiwa chakula chenye sumu, au mwenye kijicho akilikaribia, linapasuka lenyewe, pa!"

Mzee Kombo, baba mkubwa wa kijana, akaweka kikombe cha kahawa chini. "Basi mjomba, Ijumaa tukija kupanga siku ya ndoa, pilau yetu mtutilie humo humo. Na sisi tuone."

Kesho ndiyo Ijumaa.

Wewe unajua lilikotoka. Ulimkuta bibi mmoja wa Mji Mkongwe analinyweshea kuku, ukampa sufuria mpya, mkabadilishana. Ukaligonga kwa ukucha, ukalitegea sikio kama daktari. Ukaniambia, "Chombo kizima hulia. Hiki kinakohoa. Kina ufa, kisitiwe cha moto mpaka kiama." Kila ulipofuta vyombo vyako ukivigonga kimoja kimoja, nilikuwa nakutania kwamba unawapigia hodi Wachina. Leo tangu asubuhi naligonga mimi. Linakohoa, dada. Linakohoa vibaya kuliko zamani.

Pilau ya moto ikiingia mle, limekwenda. Na likienda mbele ya wakwe, nani atasema ni ufa? Watasema jikoni kwa marehemu Mwanaidi kuna kitu. Watainuka na mikono haijanawa, mtoto ataachwa pale pale, na maneno yatafika Zinga pilau haijapoa.

Nilimfuata Mzee Kombo mpaka kwake, nikamwambia yale yalikuwa maneno ya kunogesha baraza tu. Akaniangalia weee. "Juzi linapasuka, leo halipasuki? Mnaogopa nini jikoni kwenu, mjomba?" Nikarudi nyumbani. Nikawaza kulificha, nikaona kulificha ndiyo kukiri. Kuweka jingine siwezi, wale samaki wamewaona, mmoja hana mkia.

Zuhura kanikuta nimelipakata. "Mjomba, utadhani unalinyonyesha! Mama angekuwepo angekuzaba kofi, halafu akupikie chai." Kaenda zake kuchambua mchele, anaimba. Hana habari. Sauti yako tupu, dada, mpaka nikatoka nje.

Basi nimeamua hivi. Pilau itapakuliwa humo. Mimi nitakaa karibu na bakuli kuliko mtu yeyote. Likisalimika, alhamdulillahi, nitakuwa na la kusimulia mpaka Msata. Likipasuka, nitasimama kabla mtu hajafungua kinywa, niseme: "Kijicho ni changu! Chakula ni safi, na mtoto ni msafi. Ni mimi, namwonea kijicho kijana wenu kwa kunichukulia mwanangu."

Wataniamini. Watu wameniamini kwa pweza, sembuse hili. Na wala si uongo wote, dada. Nikiiwaza nyumba hii bila Zuhura, mimi na sahani zako tunatazamana, namwonea kweli. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Likitokea hilo, harusi za huku nitazisikia ngoma tu. Akina mama watafunika vyungu nikipita. Mimi, Shomari, ambaye shughuli hainogi bila yeye! Wacha wafunike.

Pumzika, dada, Mola akupanulie kaburi lako. Zuhura ataolewa, nakuahidi, hata kama pilau ya harusi yake nitaletewa uani, nile peke yangu.

Nduguyo,
Shomari