Mashini Inayoamuka Mwaka wa Zamani

Jumatatu, 4 Novemba
Tena kimya. Alfajiri nimefungua poste ya radio nyumbani: hakuna salamu, mvumo tu. Nimefika kazini kwenye radio, programu ya salamu imelala ndani ya kompyuta. Kila mara mashini hiyo ikiwaka, programu inapaswa kuamuka yenyewe na kupitisha sauti zetu tulizorekodi. Nimeiwasha kwa mukono, ikaenda bila shida, lakini saa ya salamu imeshapita. Sasa unataka nini, we? Nimekasirika.

Jumanne, 5 Novemba
Kimya. Namuwaza mama. Kwake Ubwari rezo ya simu haifike. Tulipatana: sauti yangu ikipita asubuhi, ajue niko muzima. Isipopita, atapanda boti aje kuniangalia. Mama hana muchezo. Na ziwa mwezi huu ni baya. Naogopa.

Jumatano, 6 Novemba
Nimefuta programu, nimeiweka upya. Nimejisifu mbele ya batu.

Alhamisi, 7 Novemba
Kimya! Aibu tupu. Upepo umezuia maboti, hata neno siwezi kumutumia. Nimelia chooni. Mchana nimesinzia mezani, nikaota natembea juu ya ziwa, maji magumu kama sakafu. Namuita mama. Yeye ameinamia poste, hanisikie.

Ijumaa, 8 Novemba
Leo nimetangulia mapema, nimemukuta Papa Asukulu, mulinzi wetu, anawasha umeme. Tangu mvua ianze, kila jioni anachomoa vyote sababu ya radi. Sisi wenyewe tulimuomba. Nimekaa mbele ya mashini kabla internet haijafika. Nikatazama tarehe yake. Mosi Januari 2009. Eeh!

Kumbe kila asubuhi inaamukia kule. Programu inatafuta salamu za siku ile, haikute kitu, inarudi kulala. Mi nikifika, internet imeshanyoosha saa, makosa hayaonekane tena. Ile pile, betri ndogo ya ndani, inayotunza saa umeme ukikatika, imekufa.

Nimebaki naitazama. 2009 nilikuwa mutoto Ubwari, mama ananiamusha kwa kunivuta sikio, moshi wa jikoni unaingia mpaka kitandani. Kidogo tu niiache tarehe ilivyo.

Nimenunua pile kwa fundi wa saa sokoni. Nimeiweka.
«Kesho itasema?» Papa Asukulu ameniuliza.
Sijui, papa.

Jumamosi, 9 Novemba
Upepo ulitulia jana mchana. Jioni mama alikuwa mulangoni, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Alinigusa uso, mabega, mikono. Nilijisikia vibaya, nikafurahi pia.

Asubuhi hii tuko jikoni, mi nachambua samaki wadogo, ndagala. Poste ikaamuka: «Mama, ni mi Furaha. Umelala muzuri?»

Nilitaka kucheka. Mama akaninyamazisha kwa mukono, akaiinamia poste.
«Nimelala muzuri, mutoto wangu,» akaijibu.

Kisha akanigeukia, akauliza boti ya kurudi inaondoka lini. Nimemuambia kesho. Ya leo iko, injini yake naisikia hapa nikiandika. Mama anaosha masahani, anaimba.